Matone ya Oili Karibu na Kisima

Watu wengi hapa Faza hudhani ya kuwa kazi ya kubadili oili imekwisha mara oili mpya ikishatiwa. Ile inayodondoka baadaye, tone moja moja, mtu huifunika kwa mchanga kwa mguu wake, akaenda zake kunywa kahawa. Mimi nami nilikuwa mmoja wao. Nilizoea kubadili mwenyewe oili ya mashini yangu ya kuvuta maji, ubavuni mwa kisima, mpaka asubuhi moja mke wangu aliponiletea ndoo ya maji yenye rangi rangi juu yake, kama shingo ya njiwa. Maji yale hatukuyanywa, na mbuzi pia waliyakataa.

Wakulima wenzangu, kisiwa chetu cha Pate hakina mto. Twanywa maji ya mvua yaliyowekwa katika majabia, na maji ya visima visivyokwenda chini sana. Maji matamu ya visima hivyo yamelala juu ya maji ya chumvi, na juu yake ni mchanga tu. Mchanga hauizuii oili. Huificha machoni, kisha mvua ya masika huishusha chini.

Wenye mashua za mashini nao wasicheke. Matone yao huingia katika ngama, maji ya ngama hufuliwa na kumwagwa pwani, na maji yakitoka, oili hubaki topeni penye mikoko. Mchu hupumua kwa vile vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni; vikipakwa oili, mti hukosa pumzi. Mwaka 1988 mafuta mengi yalimwagika Makupa, Mombasa, na mikoko ya pale ikafa. Mtaniambia ya kuwa tangi zima si kikombe. Ni kweli, lakini kikombe kikimwagwa kila mara mahali pale pale, si kikombe tena. Na zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko huku kwetu Lamu.

Basi yafaa kujua sababu ya tone. Mara nyingi ni oili ya zamani iliyotambaa juu ya mashini wakati wa kumwaga. Ifute kwa tambara na maji ya sabuni, washa mashini kwa dakika chache, kisha weka kipande cha boksi chini yake usiku kucha. Boksi likiamka kavu, lala salama. Likiwa na doa, tazama washa ya nati ya kumwagia oili. Hiyo huchakaa, na bei yake ni ndogo. Tazama pia kama umejaza kupita alama. Usiikaze nati kwa nguvu zako zote, kwani ukiharibu meno yake utanunua kitu kikubwa zaidi.

Wengine husema oili chakavu ni dawa nzuri ya mchwa, wakaipaka kwenye nguzo kwa mikono mitupu. Mimi sikubaliani nao. Oili hiyo ina vumbi la chuma na sumu nyingine, na ikizoea ngozi ya mtu huweza kuleta saratani. Wazee wetu walipaka vyombo vyao sifa, ikanuka, lakini ilikuwa mafuta ya samaki.

Oili itolewe mbali na kisima, ndani ya karai. Iliyodondoka chini, chota pamoja na mchanga wake. Matambara nayo yasitupwe chini ya makuti. Moto tuliuonja hapa Faza mwaka 2009.

Maoni yangu ni kwamba kila kikundi cha wakulima na cha wavuvi kiwe na pipa moja lenye kifuniko, na likijaa lisafirishwe kwa wanunuzi wa oili chakavu bara. Nauli yake tuchangiane. Mimi jerikani yangu ya kwanza imekwisha kujaa, nami nangojea wenzangu.