Uanagenzi Uwe na Siku ya Kuisha

Pita Keko, Dar es Salaam, kwenye karakana za samani. Utamkuta kijana anapiga msasa kitanda cha mninga. Muulize yupo hapo tangu lini, atakwambia huu mwaka wa tatu. Muulize analipwaje, atacheka: bosi anampa hela ya kula. Kesho kitanda hicho kinauzwa bei kamili, na mteja hapunguziwi hata shilingi eti kwa kuwa msasa ulipigwa na anayejifunza.

Hatuna ugomvi na uanagenzi. Mafundi wengi wa nchi hii walishikwa mkono na fundi mwenzao, hawakukaa darasani, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti. Tunajua pia kwamba miezi ya mwanzo mwanagenzi ni hasara: anakata mbao fupi, anavunja bolti, anamla fundi muda. Miezi hiyo posho ndogo inaeleweka. Kinachotukera ni kwamba haiishi.

Kabla kijana hajakabidhiwa randa, waandikiane. Karatasi moja yatosha: atafundishwa nini, mpaka lini, posho kiasi gani na siku ipi, akianza kutoa kazi inayouzwa itapanda kufika ngapi, na akikatwa na msumeno nani analipa hospitali. Hilo la mwisho watu hulikwepa mpaka kidole kiende. Mzazi naye atie saini. Zamani si ndiye aliyemleta mtoto na kumkabidhi kwa fundi?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi, na wa chini ya 18 hawekwi penye kazi ya hatari. Hata kumkata mtu ujira kwa kitu alichoharibu kuna taratibu: aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kujitetea, akubali, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Mwenye karakana atasema huyu si mfanyakazi, ni mwanafunzi wangu. Haya, lakini mwanafunzi gani anaosha gari la bosi na kubaki mpaka saa tatu usiku akimalizia oda?

Kampuni kubwa nazo zisijifiche nyuma ya tozo ya kuendeleza ujuzi. Ile asilimia ya mishahara, wanayotozwa wenye wafanyakazi 10 na zaidi, inakwenda serikalini. Haimfikii kijana anayesimama kwenye mashine yao tangu saa moja asubuhi kwa nauli ya kuazima.

Na yule wa Keko? Kwa hesabu yetu, alistahili kulipwa kama fundi tangu mwaka wa pili.