Kadi ya gemu: Tunduma ipime mtandao kwanza

Miongoni mwa bidhaa ndogo za elektroniki zinazopanda barabara kuu kutoka Kariakoo hadi Tunduma, kuna kifaa kimoja kidogo chenye tundu la HDMI upande mmoja na USB upande wa pili. Wauzaji wanakiita kadi ya kunasa picha. Kazi yake ni kuchukua picha na sauti kutoka kwenye mashine ya gemu, kama vile PlayStation, na kuziingiza katika kompyuta ya nyumbani. Kutoka hapo programu ya bure iitwayo OBS Studio huzirusha moja kwa moja YouTube au kwingineko. Vijana wenye vyumba vya gemu wanashawishika kwamba kwa kifaa hiki wanaweza kuacha kutegemea shilingi mia kadhaa za kila mechi na kuanza kulipwa kwa dola.

Safu hii haipingi biashara hiyo. Tunachopinga ni mpangilio wa matumizi ya fedha, kwani wengi huanza kununua kile ambacho kingepaswa kununuliwa mwisho.

Tuanze na kadi yenyewe, maana hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika kwanza. Vipande vingi vya bei ndogo vimeandikwa 4K kwenye boksi. Ni kweli kwamba vinapokea picha ya 4K kutoka kwenye mashine, lakini kinachofika kwenye kompyuta ni picha ya 1080 kwa kasi ya picha 30 kwa sekunde, nayo imebanwa sana. Baadhi vina ncha ya rangi ya bluu inayomfanya mtu aamini kuwa ni USB 3.0, kumbe ndani ni USB 2.0. (Rangi haina ushuru, kila mtu anaweza kuipaka.) Kadi za majina yanayojulikana, kama Elgato, zinatimiza zaidi zinachoahidi, lakini bei yake ni mara nyingi ya hicho kipande. Kwa mtu anayeanza, kipande cha bei ndogo kinatosha, ila alipe bei ya kipande cha bei ndogo na si bei ya maneno yaliyo kwenye boksi.

Jambo la pili huwakuta watu wakiwa wameshafika nyumbani. Mashine za PlayStation huweka kufuli kwenye waya wa HDMI, liitwalo HDCP, na kadi ikikutana nalo huonyesha kioo cheusi. Kwenye PlayStation 4 na 5 kufuli hilo huzimwa katika mipangilio. Kwenye PlayStation 3 halizimiki kwa njia hiyo, hivyo inabidi kutumia waya wa zamani wenye ncha za rangi na kadi inayoupokea. PlayStation 2 ndiyo haina HDMI kabisa. Mwenye chumba cha Sogea au Majengo ambaye mashine zake ni za matoleo hayo ya zamani, asinunue kadi ya HDMI kwa sababu jirani kanunua.

Na mwenye PlayStation 4 au 5 ajiulize kama anaihitaji kadi hata kidogo. Mashine hizo zimetengenezwa zikiwa na uwezo wa kurekodi mchezo na kuurusha zenyewe bila kompyuta. Kadi ina maana pale unapotaka kuongeza kitu juu ya picha: jina la duka linalodhamini, matokeo ya mashindano, uso wa mtangazaji na sauti yake kupitia kipaza sauti kizuri. Ikiwa huna cha kuongeza, umenunua waya wa gharama.

Sasa tuje kwenye gharama kubwa, yaani mtandao. Watu wamezoea kupima kasi ya kushusha, na ndiyo wauzaji wa bando wanayoitangaza. Anayerusha gemu anahitaji kasi ya kupandisha, tena isiyoyumba. Picha ya 720 inayotazamika inataka takriban megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni nusu megabaiti kila sekunde, sawa na gigabaiti 1.8 kwa saa. Ukirusha saa tatu kila usiku kwa usiku 26 wa mwezi, umetumia gigabaiti 140 hivi. Chukua bei ya bando unalonunua wewe leo, zidisha, kisha linganisha na unachoingiza chumbani kwa mwezi. Kwa wengi hesabu inaishia hapo.

Tunduma ina bahati ambayo haijatumika vizuri. Mkongo wa Taifa wa mawasiliano unapita katika mji huu kwenda kuungana na Zambia. Lakini mkongo kupita mjini haimaanishi umefika mlangoni kwako. Swali la kwanza la mwekezaji lipelekwe TTCL au kampuni nyingine inayofikisha faiba: je, mtaa wangu umefikiwa, na kasi ya kupandisha ni kiasi gani? Jibu likiwa hapana, kadi isubiri.

Kuna wanaotazama ng'ambo ya mpaka. Starlink iliruhusiwa Zambia na kuanza huko Oktoba 2023, na Nakonde ni mwendo wa miguu. Hadi mwishoni mwa 2025 kampuni hiyo ilikuwa haijapata leseni ya kutoa huduma Tanzania. Anayevusha sahani kimyakimya na kuifunga juu ya bati la Chapwa anaweka mtaji wake wote mahali ambapo mkaguzi mmoja anaweza kuuondoa kwa siku moja. Hatushauri.

Hata mtandao halali una siku zake mbaya. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima ikahisi. Tangu siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini, ikaanza kurudi Novemba 3. Aliyekuwa ameahidi mdhamini wake mashindano ya wiki ile hakuwa na cha kuonyesha. Umeme nao, licha ya mashine za Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, bado hukatika ghafla, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika katikati ya mechi.

Ndiyo maana tunasema: rekodi kwanza, kurusha baadaye. Kadi ileile inarekodi bila kutumia hata megabaiti moja ya bando. Kipande cha dakika 20 kwa kiwango tulichotaja ni kama megabaiti 600, na unaweza kukipandisha saa nane usiku taratibu, hata kwa mtandao dhaifu. Ukikatika, unaanza tena, mtazamaji hajui. Ukiharibu maneno, unarudia.

Tena maneno ndiyo bidhaa yenyewe. Picha ya EA Sports FC anayo kila mtu duniani, na kijana wa Tunduma hawezi kushindana kwa picha na mtu wa Uingereza. Wenye umri wanakumbuka mabanda ya video: mwenye banda hakupata wateja kwa sababu ya deki tu, kwa kuwa deki zilikuwa nyingi. Watu walijaa kumsikiliza anayetafsiri, na jina la Lufufu lilikuwa likiuza filamu za kigeni ambazo watazamaji wengi hawakuelewa neno moja la lugha yake. Mtangazaji wa gemu mwenye ulimi wa namna hiyo, anayeweza kuutania mtaa wa Kaloleni kwa Kiswahili kisha akatupia Kinyamwanga cha pande zote mbili za mpaka, ana kitu ambacho hakinunuliki Kariakoo.

Mapato ya matangazo ya YouTube yasitarajiwe mapema. Sharti la kugawana fedha hizo ni waliojisajili 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ukiacha njia ya video fupi inayodai kutazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Ukiwa na watazamaji watano wanaokaa saa tatu, unapata saa 15 kwa usiku. Saa 4,000 zitachukua usiku 267. Wakiwa 20, ni usiku 67. Baada ya hapo malipo hayatoki mpaka yafike dola 100.

Fedha ya karibu iko mtaani. Duka la simu, mwenye gereji, wakala wa mizigo, muuza chipsi: hawa wanaweza kulipia jina lao kuonekana juu ya picha ya fainali ya mashindano ya Tunduma, Vwawa na Mlowo, kwa sababu wanaotazama ni wateja wao wenyewe. Biashara hiyo ifanywe kwa risiti. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya mtengeneza maudhui ya kidijitali mkaazi, na mdhamini mwenye hesabu safi atauliza. Kuhusu leseni, kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, ambazo gharama zake za kuanza zilizidi shilingi milioni mbili, ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Ofisi ya TCRA ya kanda iko Mbeya, na nauli ya kwenda kuuliza ni ndogo kuliko faini. Kiingilio cha mashindano nacho kisigeuke dau, maana hapo unaingia katika shamba la Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kuna kishawishi kimoja cha mwisho, nacho ni kuchomeka king'amuzi kwenye kadi na kurusha mechi ya kweli ya Simba na Yanga. Watazamaji watakuja kwa maelfu. Lakini haki za Ligi Kuu zinamilikiwa na Azam kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliosainiwa 2021, na aliyelipa kiasi hicho hawezi kukuachia. Chaneli itafungwa, pamoja na saa zote ulizokusanya kwa gemu.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo aanze na kipaza sauti, UPS na mashindano ya Jumamosi chumbani kwake, yakirekodiwa na PlayStation 4 aliyo nayo. Akishapata mdhamini wa mwezi wa pili, ndipo aende dukani kuuliza bei ya kadi, akiwa na kompyuta yake mkononi ili ijaribiwe palepale kabla ya kulipa.