Pengo si sifuri

Ukituma pesa, mfumo unaweza kukuweka kama nukta, anayepokea nukta nyingine, na muamala ukawa mstari kati yenu. Hifadhidata za aina hii, kama Neo4j, hufaa sana kunasa matapeli wanaozungusha pesa kwa laini kumi.

Shida ni mapengo. Tuseme kuna wateja ambao kaunti yao haijajazwa. Uliza Neo4j, "Nipe wote wasio wa Nairobi," hao hawatokei. Geuza, "Nipe wa Nairobi," bado hawatokei! Kwa mfumo, pengo ni "sijui", na sijui si ndiyo wala la. Kwa hivyo onyo la utapeli likitumwa kwa kaunti, hawa wanarukwa, na hakuna anayeshtuka maana mfumo haukulalamika.

Kuna wanaojaza 0 kila penye pengo ndio kazi iishe. Sisi tunapinga. Mapato yasiyojulikana yakiandikwa 0, mtu anaonekana hana kitu na mkopo wake unakwama hivyo hivyo. Heri kuuliza mfumo waziwazi: nani hana kaunti? Kisha mteja aombwe ajaze mwenyewe kwenye menyu ya simu yake, si kwa kupigiwa na mtu asiyemjua.