Baridi ya Tajiri, Moshi wa Mabaharia



Joto la Juba si mzaha. Mwezi Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu yake. Kwa hiyo sishangai tajiri wa boti moja ndogo ya mizigo hapa mtoni Nile kutia kiyoyozi katika chumba chake. Ninachokataa ni namna kinavyopewa umeme.

Kiyoyozi kidogo cha dukani hula karibu kilowati moja. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya asidi haifai kuitumia kupita nusu. Basi ni baridi ya nusu saa na kidogo tu! Ndiyo maana jenereta ya petroli hunguruma usiku kucha, nayo imewekwa nyuma, chini ya turubai, pale pale wanapolala mabaharia. Moshi wake una kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala huenda asiamke.

Nilipomwuliza tajiri, akajibu kwamba mafuta ni yake. Sawa, na mapafu je?

Nusu ile ile ya betri huzungusha feni tatu ndogo za wati 30 kwa zaidi ya saa sita. Mbili za mabaharia, moja ya tajiri, na jenereta izimwe watu wanapolala. Hayo ndiyo madai yao.

Nanyi wa viwandani na mashambani, hebu tazameni jenereta ya ofisi ya meneja inapumulia dirisha la nani.