MANOWARI IKIFA, AIZIKE MWENYEWE

Jahazi la Lamu likichakaa hata halitengenezeki tena, huvutwa pwani likavunjwa mbele ya macho ya wale wale waliosafiri nalo. Mbao nzuri hugeuka viti na milango, na zisizofaa huishia jikoni. Limeundwa hapa, na mauti yake ni hapa. Hakuna jirani anayedhurika.

Manowari za wakubwa wa dunia hazifi hivyo. Itazameni Clemenceau, manowari ya Ufaransa ya kubebea ndege, yenye urefu wa mita 265. Ilianza kazi mwaka 1961 na kustaafishwa 1997. Siku zake ilikuwa fahari. Ilipozeeka ikawa mzigo, kwani tumboni mwake mlijaa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotiwa kuzuia moto. Vumbi lake hukaa mapafuni, na saratani huweza kuzuka miaka mingi baadaye.

Mwisho wa Desemba 2005 ilivutwa kutoka Toulon kupelekwa Alang, katika Gujarati. Huko si ugenini kwetu. Wazee wetu walizipokea kotia za pande hizo katika Bandari ya Kale ya Mombasa kila msimu wa kaskazi. Alang, meli hupandishwa ufuoni kwa maji ya bamvua, na maji yakitoka vibarua maskini huzikata kwa moto wa gesi.

Alhamdulillahi, watetezi wa mazingira walipiga kelele. Tarehe 15 Februari 2006 mahakama kuu ya utawala ya Ufaransa ilisimamisha mpango huo, na Rais Chirac akaamuru manowari irudi. Mwishowe ilivunjwa Hartlepool, Uingereza.

Pacha wake, Foch, haikupata bahati hiyo. Iliuzwa Brazil mwaka 2000, ikaitwa São Paulo. Mwaka 2022 ilipelekwa Uturuki kuvunjwa, Uturuki ikaikataa. Iliporudi, hata Brazil haikupata bandari ya kuipokea. Tarehe 3 Februari 2023 wanamaji walizamisha gofu hilo katika Atlantiki, pamoja na sumu yake.

Tulifunzwa kwamba wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Leo fahali afa kwa uzee wake, na nyasi zaumia vile vile.

Mkataba wa Hong Kong juu ya uvunjaji wa meli ulianza kutumika Juni 2025, lakini manowari hazimo. Meli ya mchele imewekewa kanuni. Ya mizinga imesamehewa. Hii si haki. Kenya ni mwanachama wa shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya bahari. Yafaa ipaze sauti pengo hilo lizibwe.

Kwetu, maiti huoshwa na kuzikwa na watu wake, hatupwi mlangoni pa jirani. Aliyejivunia manowari ikiwa hai, na aizike ikifa: nchini mwake, kwa gharama yake, na kwa wafanyakazi waliokingwa na vumbi lake.