Mwanao Anapokuwa Peke Yake Angani



Mama mmoja wa Ilemela ametuandikia kwamba kijana wake yuko chuo cha urubani, na mwalimu amesema karibuni atamwacha aruke peke yake. Tangu asikie habari hiyo hapati usingizi. Kila ndege inayoshuka ikitokea upande wa ziwa humkumbusha tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba. Walikuwamo watu 43, wakafa 19, na baada ya Bukoba ilikuwa ije huku kwetu Mwanza. Anauliza: mtoto akipatwa na jambo huko juu, nani atamsaidia?

Mama, hofu yako tunaielewa. Lakini ile ilikuwa ndege ya abiria, katika hali mbaya ya hewa. Mwanafunzi huchaguliwa siku tulivu. Mwalimu hushuka, kijana huruka, huzunguka uwanja na kutua. Safari za mbali huja baadaye. Tena kabla ya hapo lazima apimwe afya na daktari aliyeidhinishwa kupima marubani. Hapa tunasema kama wauguzi: ikiwa aliwahi kuwa na kifafa au kuzimia utotoni, daktari aambiwe, hata kama ada imekwisha kulipwa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Huko juu anayo redio, na mnarani yuko mwongoza ndege anayemsikia. Huyu hawezi kumshikia usukani. Anaweza kumweleza upepo unatoka wapi, kumwonyesha mwelekeo akipotea, kuziweka kando ndege nyingine na kuliita gari la zimamoto. Marekani na Uingereza wanafunzi hufundishwa kujitaja kuwa ni wanafunzi, ili mwongozaji aseme polepole na asiwarundikie maagizo. Hatari ikiwa kubwa, rubani hutamka “meidei” mara tatu. Neno hilo lilibuniwa uwanja wa Croydon, London, miaka ya 1920, kutokana na Kifaransa, na maana yake ni “nisaidieni” tu.

Mwezi Septemba 2018, huko Beverly, Massachusetts, binti wa miaka 17 alikuwa akiruka peke yake, gurudumu moja likang’oka wakati wa kupaa. Hakujua. Rubani mwingine aliliona, na mnara ukamwarifu. Binti akajibu kwamba yeye ni mwanafunzi. Mwalimu wake akaletwa kwenye redio, akazungumza naye kwa utulivu huku binti akizunguka angani, mpaka akatua kwa magurudumu yaliyobaki. Hakuumia.

Tunaloliogopa sisi zaidi ya injini ni aibu. Kijana amepotea, ukungu umefunika ziwa na haoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, naye ananyamaza asije akachekwa na wenzake. Dakika zinakwenda, na mafuta pia. Wodini tunaliona jambo hilo hilo. Muuguzi mpya wa zamu ya usiku anayemwamsha daktari saa nane, mgonjwa angali na nguvu, huweza kununiwa kidogo. Anayengoja hadi alfajiri humwita daktari aje kumtazama maiti.

Kwa hiyo akija likizo, mwambie akuonyeshe jinsi anavyosema redioni. Mwulize: ukipotea unasema nini? Asikilizwe na baba yake pia, maana akina baba wengine ndio huwaambia vijana kwamba mwanamume haombi msaada. Kama nyumbani amezoea kukaripiwa kila anapokiri kwamba jambo limemshinda, hilo lirekebisheni sasa, kabla ya siku yenyewe.

Na siku hiyo, mama, usimpigie simu asubuhi kumweleza ndoto uliyoota. Mpigie jioni.