Kulinda mgonjwa na kumtibu

Mama mmoja wa hapa Kipese ameuliza kama anaweza kuwa muuguzi, sababu amekwisha kulinda wagonjwa miaka mingi. Anawaogesha, anawalisha uji, anawageuza kitandani, anamwaga choo. Watu wanamuita munganga. Hapa kwetu kila mwenye kuvaa bluzi nyeupe ni munganga, na hatari inaanzia pale.

Mama, kazi yako si ndogo. Ebola ilitangazwa Mangina mwezi wa 8, 2018, ikamalizika tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Watu 2.287 walikufa. Wakati ule, Beni na Butembo, waliopona ndio walioketi kando ya wagonjwa na kubeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wanatibiwa. Miili yao ilikuwa imekwisha kushinda ugonjwa, basi waliweza kumpakata mtoto ambaye ndugu zake walikatazwa kumgusa. Wengi hawakuwa wauguzi hata kidogo.

Lakini tuliona jambo lingine pia. Kule Beni watoto walipelekwa kwenye vituo vidogo juu ya malaria, wakaambukizwa Ebola humo. Sindano zisizo safi zilitajwa kati ya sababu. Basi jirani akikuita usiku akisema, “Mama, mupige sindano moja tu, wewe unajua,” ukatae. Atakasirika, lakini ukatae. Kazi yako ni kuangalia na kusema: joto limepanda, hakojoi tangu asubuhi, anahema vibaya. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi hawezi kuona yote hayo peke yake.

Sasa masomo. Miaka ya kulinda wagonjwa haihesabiwi darasani. Mwenye kumaliza miaka 2 ya sekondari anaomba nafasi ITM, anasoma miaka 4, anatoka A2. Mwenye diploma ya Serikali anaweza kuingia ISTM. Hati ya huduma ya kwanza ya siku chache ni nzuri, lakini haikufanyi muuguzi. Tena, tangu sheria ya 2016 kuna Chama cha Wauguzi cha taifa, na muuguzi anapaswa kuandikwa humo.

Jambo la feza linafichwa sana na wenye kutafuta wanafunzi. Wauguzi wengi wa inchi yetu wamemaliza masomo na hawana matrikule ya Serikali. Wanaishi kwa prime ndogo inayotoka katika malipo ya wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wanalipa nusu, ao wanaleta kuku. Kama minervali yako itatoka shimoni kwa baba, mukae wawili muhesabu miaka yote 4, si ule wa kwanza tu. Shimo linaweza kunyamaza katikati.

Na mbele ya kulipa, uombe shule ikuonyeshe barua ya Serikali inayoipa ruhusa. Wakisema itakuja, urudi nyumbani na feza yako.